Nilichoma Unyayo wa Dada Yangu kwa Asidi ya Dhahabu

Mwenye kosa ni mimi. Naanza hapo kwa sababu nimechoka kusikia watu wakimlaumu marehemu, na mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki nikitikisa kichwa kama mtu mwenye huruma.

Usinionee huruma, wewe unayesoma. Na usiniambie majuto ni mjukuu. Nayajua hayo, na mjukuu mwenyewe nitamtaja hapa chini, maana naye nusura apitie mikononi mwangu.

Jina langu silitaji. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mwenyeji wa Masara, huku Migori, ambako kila mtu ama anachimba dhahabu, ama anasaga mawe yake, ama anawauzia chai wanaochimba na kusaga. Kazi yangu mimi ni kusafisha. Wanunuzi huniletea dhahabu ikiwa bado chafu, naitia kwenye chupa ya kioo pamoja na asidi, naichemsha nje kwenye jiko, moshi wa kahawia unapanda, na takataka zote zinaliwa. Dhahabu peke yake ndiyo inayobaki. Vidole vyangu vina madoa ya njano ambayo sabuni haijawahi kuyatoa.

Sasa sikia ujinga ulivyoanza! Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na chunjua kwenye kidole gumba, ile nyama ngumu yenye kichwa kama koliflawa. Siku moja tone la asidi likaruka likaangukia hapo hapo. Niliruka kama mbuzi. Lakini baada ya wiki mbili chunjua ikakauka, ikadondoka, ngozi ikarudi safi.

Basi! Nikajiona nimegundua dawa ambayo madaktari wote wamekosa. Nikamchomea jirani yangu chunjua yake, ikadondoka. Nikawachomea wachimbaji sugu za viganjani. Nikawachomea watoto wa shule vinundu vya vidoleni. Nilichukua unyoya wa kuku, nikauchovya, nikagusa, mgonjwa akapiga kelele, tukacheka, akaenda zake. Nikaanza kuitwa Daktari. Watu wakinikuta sokoni: "Daktari, niaje!" Nami naitikia, tena kwa sauti nzito.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi sikutia maji. Nilitia asidi.

Nina dada mmoja tu, wa kwanza kuzaliwa kwetu. Nitamwita Min Awino, yaani mama yake Awino, na hata hilo la Awino nimelibadilisha. Mama yetu alifariki nikiwa darasa la nne, na dada huyu ndiye aliyeacha shule akanilea. Alinifulia, alinipikia, alinichapa nilipostahili. Baadaye akaolewa Homa Bay, kando ya ziwa, akawa anaanika omena. Siku nzima miguu chini, juani, anageuza omena kwenye nyavu.

Alikuja kunitembelea wakati wa likizo ya Agosti. Alikuta watu wanne wamekaa kwenye benchi langu wakisubiri "kliniki". Akacheka, akajivunia, akaketi nao kama mgonjwa wa tano. Zamu yake ilipofika akavua sandali, akanipa mguu.

"Omera, ndugu yangu, angalia hii kitu," akasema. "Ilianza kama nukta tu, nikadhani ni masizi. Nikaosha, haitoki. Sasa imekuwa kubwa."

"Inauma?"

"Haiumi hata kidogo. Ndio maana niliiacha. Lakini Awino amenisumbua sana, ati niende hospitali. Nikamwambia nitaenda. Halafu nikaona wacha kwanza nipitie kwa ndugu yangu, si yeye ndiye daktari wa hizi vitu?"

Watu wa benchi wakacheka. Nami nikacheka. Nikasema, "Hawa watoto wako wa simu, wakiona upele wanataka mtu alazwe!" Wakacheka tena. Kicheko hicho nakisikia mpaka leo, na kila nikikisikia nataka kujizaba kofi.

Ilikuwa kwenye kisigino, upande wa ndani. Ukubwa wa punje ya maharagwe. Upande mmoja mweusi tii, upande mwingine kahawia inayofifia. Ukingo wake haukuwa mviringo, ulikuwa umechongoka hapa, umeingia ndani pale, kama wino uliomwagika kwenye karatasi yenye maji. Nusu moja haikufanana na nusu nyingine.

Nilianza kwa wembe, kama kawaida yangu. Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye kosa lenyewe. Sugu ukiikata hutoka vipande vya njano kama ukucha. Chunjua ukiikwangua unaona vinukta vidogo vyeusi, halafu damu. Mimi nilishazikwangua nyingi, nazijua. Hii niliikwangua, ikawa nyeusi. Nikakwangua tabaka la pili, nyeusi. La tatu, nyeusi vile vile.

Hapo nilijua. Sikujua ni nini, lakini nilijua hii si ile ninayoijua. Kinywa changu kilitakiwa kusema maneno mawili tu, "Dada, sijui." Lakini benchi lote lilikuwa linanitazama, na daktari wa Masara hawezi kusema hajui. Nikachovya unyoya.

Aliuma leso. Moshi ulitoka kwenye mguu wa dada yangu! Ngozi ikageuka njano, halafu kahawia. Machozi yakamtoka, na bado akajitahidi kutania: "Yawa, hii mkono yako ni ya askari." Nikamfunga kitambaa, nikamwambia asilowanishe wiki mbili.

Kabla ya kuondoka aliniambia jambo jingine. Awino alikuwa na mtoto mchanga wa miezi minne, na mtoto huyo alikuwa na uvimbe mwekundu kichwani, laini, kama tunda la mforosadi lililoiva. Haukuwepo siku aliyozaliwa, ulianza wiki chache baadaye, na ulikuwa unakua. "Nikirudi nitakuletea mjukuu wako," dada akasema, "umguse hiyo nyekundu kidogo tu." Nami nikajibu, "Mlete!"

Nilisema mlete. Mtoto wa miezi minne! Naandika hapa na meno yameumana.

Kidonda kilikauka. Ile nyeusi ya juu ikadondoka pamoja na gaga. Dada akanipigia simu kushukuru, nikawasimulia watu wa benchi, wakapiga makofi. Sikuwaambia kuhusu tabaka la tatu.

Baada ya miezi mitano akarudi. Alikuja akichechemea, bila mjukuu, maana hangeweza kumbeba. Weusi ulikuwa umerudi pembeni mwa kovu, na safari hii ulikuwa umeinuka, kinundu kigumu kinachong'aa. Soksi ikikigusa kinatoa damu. Kovu lenyewe halikuwa limefunga vizuri, palikuwa na kidonda kinachotoa maji.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Hata mtu asiyekwenda shule angesema hapa pana neno. Mimi nilikasirika! Nilikasirikia kile kinundu, kana kwamba kimenitukana mbele za watu. Nikasema mzizi ulibaki. Nikachoma tena, mara mbili ya ile ya kwanza, mpaka ndani. Dada yangu, aliyenifundisha kushika kijiko, alilia kama mtoto, na mimi nikamwambia, "Vumilia, nyamera, dada yangu, vumilia, tunamaliza."

Sikumaliza kitu. Nilipomaliza kuchoma, mguu wake ndio ulianza kuoza.

Awino ndiye aliyemshika mama yake kwa nguvu na kumpeleka kwenye zahanati ya karibu na kwao. Nami nilikwenda, nikajifanya ndugu mwema. Kijana aliyetuhudumia alifungua kitambaa, akauliza kwa heshima, "Mama, hii uliungua na nini?"

Nilikuwa nimekaa pale. Nataka mlielewe hilo. Kiti changu kilikuwa karibu na kitanda kiasi cha kushika mkono wa dada yangu.

Yeye akanitazama mara moja, halafu akamtazama yule kijana. "Nilikanyaga makaa," akasema. "Jikoni kwa ndugu yangu."

Na mimi je? Nikaitikia kwa kichwa! Nikaongeza hata neno, nikasema, "Jiko lilianguka."

Kijana wa watu akatibu alichoambiwa. Moto anaujua, akampa dawa ya moto. Dada akawa anakwenda kuosha kidonda kila baada ya siku tatu, miezi miwili mizima. Miezi miwili, ndugu zangu, ugonjwa umelala ndani ya mguu, na watu wanaupaka dawa ya moto kwa sababu yangu. Sina neno na yule kijana. Neno ninalo na huyu anayeandika.

Halafu ikatokea mtoki. Uvimbe kwenye kinena, upande ule ule wa mguu mbaya, mgumu, mkubwa kama yai la kuku, hausogei ukiugusa. Dada akaniuliza kwa simu, nami nikamjibu upesi upesi: mtoki huja kwa sababu ya kidonda, kila mtu anajua. Kweli mtoki huja kwa kidonda. Lakini ule wa kidonda huuma, na kidonda kikipona nao hunywea. Huu haukuuma, na ulizidi kukua. Shemeji yake mmoja akasema ni chira, ati amevunja mwiko wa boma. Wakakalia hilo la chira wiki nyingine tatu. Nao nawakasirikia, lakini afadhali wao walisema walichokiamini.

Awino akagoma kusubiri. Akampeleka mama yake hospitali kubwa, na mtoto wake mgongoni. Mimi nikaitwa niwasaidie kumbeba. Huko tulimkuta daktari mwanamke, mtu mzima, asiyependa maneno mengi. Alivaa miwani yake, akageuza ule mguu kwenye mwanga wa dirisha.

"Nani amesema hii ni makaa?" akauliza.

"Ni mimi, daktari," dada akasema.

"Makaa gani hayo yanachoma mtu mara mbili mahali pamoja?" Akasugua ukingo wa kovu kwa kidole. "Na makaa hayaachi hii njano. Mimi nimeshaona watu wa huko kwenye migodi."

Niliingiza mikono yangu mfukoni. Kama mwizi! Vidole vyangu vya njano nikavificha mfukoni, jua kali, watu wote wakijipepea. Nilijua hili ndilo lango la mwisho. Nikasema moyoni, sema sasa. Nikafungua kinywa.

Dada akaniwahi. "Daktari, nisamehe," akasema. "Nilijiwekea asidi. Niliichukua kwa ndugu yangu bila yeye kujua."

"Mama!" Awino akapiga kelele. "Mama, kwa nini?"

Daktari akamkemea. Loo, alimkemea! Alimwambia mtu mzima kama yeye hapaswi kucheza na mwili wake. Alimwambia ile nyeusi ilikuwa na alama zote za hatari, na badala ya kuileta ikiwa ndogo, ikakatwa yote kwa siku moja, yeye ameichoma, ameuficha uso wa ugonjwa, na umeshuka ndani. Dada yangu akainamisha kichwa akapokea kila neno. Yalikuwa maneno yangu. Yalipaswa kuniangukia mimi, nami nilisimama kando nikiwa mkavu.

Alipotulia, daktari akatueleza. Alisema watu weusi tunajidanganya kwamba kansa ya ngozi ni ya wazungu na ya watu wenye ualbino. Kwetu sisi, hii mbaya hupenda kujificha pale ambapo ngozi si nyeusi sana: chini ya unyayo, kiganjani, chini ya ukucha. Kwa hiyo hatuioni, au tukiiona tunasema ni mwiba, ni sugu, nimejigonga.

Awino, machozi yakiwa bado shavuni, akamshusha mtoto mgongoni, akamvua kofia. "Na hii je, daktari? Mama alikuwa anataka nayo ichomwe."

Daktari akaugusa ule uvimbe mwekundu taratibu, ukabonyea, ukarudi. Kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Hii muiache," akasema. "Ni mishipa midogo ya damu imejikusanya. Itakua mwaka wa kwanza, halafu itaanza kufifia polepole yenyewe. Ingekuwa karibu na jicho au mdomo, au ingekuwa na kidonda, hapo ningetaka kuiona kila mara. Lakini msichome! Mngechoma hii, mtoto angetokwa na damu nyingi sana."

Nilisema mlete, mnakumbuka?

Na sasa nitawaambia kitu ambacho sijawahi kumwambia hata mke wangu. Nina uvimbe mgongoni, karibu na bega, wa miaka mingi. Siku hiyo, dada yangu akiwa kwenye kitanda kile, baada ya kuchukua lawama zangu mbele ya binti yake, mimi nilimwomba daktari auangalie uvimbe wangu. Nilipata ujasiri huo! Akabonyeza. Laini, unateleza chini ya kidole, haujabadilika. "Hii ni mafuta tu," akasema. "Ukianza kukua haraka au kuwa mgumu, rudi."

Nikashukuru. Kwa ajili ya ngozi yangu nilikuwa na mdomo. Kwa ajili ya dada yangu sikuwa nao.

Walikata kipande wakakipeleka maabara. Majibu yalipokuja yakasema kile ambacho daktari alishakijua: kansa ya ngozi, ile nyeusi, na imeshafika kwenye tezi za kinena. Tukapewa barua ya rufaa. Walimkata nyama ya kisigino, wakatoa tezi. Mguu ukavimba ukawa hauingii kiatu chochote, akawa anauinua juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwezi wa nne baada ya hapo akaanza kukohoa. Mwezi wa saba akawa hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika.

Nilikaa naye siku moja, wengine wakiwa wamekwenda kanisani. Nikamuuliza, "Nyamera, kwa nini hukunitaja?"

Akapumzika kwanza. "Nikutaje, halafu? Wakwe zangu waje kwenu na maneno, boma ya baba ichekwe? Hapana." Akapumzika tena. "Kwanza wewe ni mtoto yangu. Mtu hawezi peleka mtoto wake polisi."

"Nitasema mimi."

"Hiyo chupa, usiguse mtu nayo tena. Hiyo nakuambia." Akakohoa. "Na Awino, mwambie wewe mwenyewe. Siku utaweza."

Nikamwambia nitaweza. Akafumba macho, sijui kama aliniamini.

Nitasema ukweli, kwa kuwa nimekuja hapa kusema ukweli: hata yeye namkasirikia. Kwa nini alinifunika? Alinifunika nikiwa mdogo nilipovunja chungu cha jirani, akanifunika nilipotoroka shule, na akanifunika nilipomuua. Angenitaja siku ile ya kwanza zahanati, yule kijana angejua anatibu nini. Halafu nikishamaliza kumkasirikia nakumbuka kwamba kutaja ilikuwa kazi yangu, na hasira inarudi kwangu, nyumbani kwake.

Kwenye mazishi mzee mmoja wa ukoo wa shemeji alishika kipaza sauti. Akamsifu marehemu kwa bidii yake, halafu akasema, "Lakini mwanamke huyu alipenda njia za mkato. Asidi ya kusafisha madini, mtu anaweka kwenye mwili! Vijana, muwe na akili." Watu wakaguna. Awino akafunika uso.

Kisha wakaniita mimi, kama ndugu, niseme neno. Nikasimama. Umati ulikuwa umejaa mpaka kwenye ua wa jirani, na hakuna hata mmoja wa benchi langu. Nikasema, "Dada yangu alikuwa mtu wa kujitegemea." Nikaketi. Wakapiga makofi!

Mnaona mtu mnayemsoma?

Asidi sijamgusa mtu nayo tena, hilo nimelitimiza. Lakini watu bado wanakuja. Nawafukuza, wanadhani naringa. Juzi juzi alikuja baba mmoja na mtoto wa miaka sita, taya limevimba upande mmoja, limevuta shavu lote. Akaniambia ni jino, meno mawili yamelegea, wamemng'oa moja lakini uvimbe haupungui, wiki ya tatu sasa. Akaniomba nimguse kwa unyoya. Nilimfokea yule baba mpaka majirani wakatoka nje! Nilimwambia uvimbe wa namna hii unaolegeza meno ya mtoto si wa jino, apande pikipiki sasa hivi aende hospitali kubwa, na asimame hapo mpaka mtoto achukuliwe kipimo. Alikwenda huku akinilaani. Baadaye akanipigia kuniambia wamelazwa, kwamba ni uvimbe unaokua haraka sana kwa watoto wa huku kwetu kwenye malaria, na kwamba ukiwahiwa una dawa. Alinishukuru. Nilizima simu.

Kilichonileta hapa lakini ni simu ya Awino. Alinipigia wiki iliyopita. "Nera," akasema, ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita ndugu wa mama. "Nera, kila siku naomba nimsamehe mama, na siwezi. Nilimwambia aende hospitali. Nilimwambia! Akaona heri ajiunguze mwenyewe. Aliniacha na mtoto mdogo kwa ukaidi wake. Hata kaburi lake siendi kupalilia."

Nikamwambia, "Pole, mwanangu, Mungu atakusaidia." Hayo ndiyo niliyomwambia! Nikakata simu, nikaenda nyuma ya nyumba, nikaichukua ile chupa nikaipiga kwenye jiwe. Ikavunjika, majani yakaungua, na hakuna kilichobadilika. Marehemu bado ana kosa, na mimi bado ni Nera mwema.

Imetosha.

Sikilizeni, wenye vidonda na wenye vinundu, na nyinyi mafundi wenzangu mnaochoma kwa asidi, kwa maji ya betri, kwa kisu cha moto, kwa utomvu wa miti. Kama kuna kitu cheusi kipya chini ya mguu wako, au mstari mweusi kwenye ukucha ambao unapanuka, usikikwangue. Kama alama ya zamani imebadilika ukubwa, rangi, au ukingo, au imeanza kutoa damu, nenda. Kidonda kisichofunga mwezi mzima, nenda. Uvimbe mgumu usiouma usikufurahishe kwa kuwa hauumi, ule wa dada yangu haukuuma. Vua viatu vya wazee wenu muwaangalie nyayo, maana wenyewe hawajiangalii. Mara nyingi mtaambiwa ni sugu, ni mafuta, mrudi nyumbani mkicheka. Chekeni basi, mkiwa mmeshaambiwa na anayejua.

Na mkishafika mbele ya daktari, semeni kila kitu mlichokipaka na aliyekipaka. Aliyewachoma akiwa amekaa pembeni, mwoneshe kwa kidole, hata akiwa ndugu yako. Hasa akiwa ndugu yako! Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini kwetu kifo kilimuumbua asiyehusika.

Jumamosi nakuja Homa Bay, Awino. Nitasimama mbele ya yule mzee wa kipaza sauti na mbele yako. Wakitaka kunipeleka polisi, nitakwenda. Ukitaka nisiitwe Nera tena, ni haki yako. Nimeandika kwanza huku kwa sababu najijua, naweza kufika langoni kwenu nikakosa mdomo tena, na safari hii nataka maneno yawe yameshanitangulia.

Mama yako hakujichoma. Hakuiba asidi, wala hakuwa mkaidi. Ulimwambia aende hospitali, na alikuwa tayari kwenda. Alipitia kwangu kwanza kwa sababu aliniamini. Nilimchoma mimi, mara mbili, na mara zote mbili niliona kwamba sikijui ninachokichoma.

Nenda ukapalilie kaburi la mama yako.